Faiba Imefika Ukutani, Umeme Je?

Ziwa Tshangalele la Katanga, Kongo, lilizaliwa na umeme. Kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijauziba mto Lufira pale Mwadingusha, hapakuwa na ziwa bali bonde la mto. Mitambo ilipoanza kuzunguka mwaka 1930, nguvu yake ilikwenda kwenye viwanda vya shaba vya Likasi, mji ambao zamani hizo uliitwa Jadotville. Karibu karne moja baadaye mitambo hiyo imefanyiwa ukarabati mkubwa kwa fedha za wawekezaji wa mgodi wa Kamoa-Kakula, na tangu mwaka 2021 kituo kina uwezo wa megawati 78. Pamoja na hayo, mtu wa Kikula au wa Panda, hapo hapo Likasi, au wa kando ya ziwa lenyewe, hahitaji kuelezwa maana ya delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu. Naanza na umeme katika makala ya ruta kwa makusudi. Dukani mazungumzo ya ruta huanza na kasi, yakaendelea na idadi ya antena, yakaishia kwenye bei. Umeme hautajwi, na kuta za nyumba hazitajwi. Kwa mji kama Likasi, mpangilio huo umegeuzwa miguu juu. Anayeacha mega za simu, yaani vifurushi vya data, na kuhamia faiba, ruta yake aipime kwanza kwa umeme inaokula, halafu kwa kuta itakazopambana nazo, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi aiangalie mwisho.

Ili hoja hii ieleweke, tuitazame faiba yenyewe. Intaneti ya waya iliingia Katanga hasa kutoka kusini, kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, ikafuata barabara kuu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Walioilipia kwanza ni wenye migodi, mabenki na minara ya simu. Nyumba za watu zinakuja nyuma, mtaa baada ya mtaa. Kinachoning'inizwa kwenye nguzo ni uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na ndani yake hupita mwanga. Katika mji unaoishi kwa shaba, hilo lina faida ambayo haiandikwi kwenye matangazo: waya wa shaba huuzwa kwa kilo, uzi wa kioo hauna mnunuzi. (Ni kweli kwamba mwizi huweza kukata kwanza na kugundua baadaye, lakini harudi mara ya pili.) Uzi mmoja ukitoka kituo cha kampuni huweza kwenda hadi kilomita 20, ukafika kwenye kisanduku kidogo juu ya nguzo, na hapo mwanga wake ukagawanywa kwa nyumba 32 au 64. Katika mfumo wa GPON, ambao ndio umeenea zaidi duniani, uzi huo hubeba gigabiti 2.4 kwa sekunde kuelekea majumbani na gigabiti 1.2 kurudi, na wote waliounganishwa hugawana. Jambo kubwa zaidi ni kisanduku kile cha kugawia. Ndani yake mna kioo tu. Hakina waya wa umeme, hakina betri, hakina feni. Kuanzia kituo cha kampuni mpaka ukuta wa sebule yako hapana kifaa hata kimoja kinachokula umeme.

Maana yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ikikata umeme wa mtaa mzima, faiba ya mtaa huo haizimiki. Mwanga unaendelea kufika ukutani, maadamu kituo cha kampuni kina betri na jenereta zake, na hilo ni swali la kumuuliza muuzaji kabla ya kutia sahihi: kituo chenu hustahimili saa ngapi bila umeme? Kinachozimika ni visanduku viwili vilivyo ndani ya nyumba yako. Cha kwanza huitwa ONT, nacho hugeuza mwanga kuwa ishara ambazo vifaa vingine vinaelewa; cha pili ni ruta, inayozigawa ishara hizo kwa waifai. Mara nyingine vyote viwili vimo ndani ya kasha moja. Mtu anaweza kuthibitisha haya kwa kuangalia taa za ONT. Umeme ukikatika, unganisha ONT kwenye betri ya volti 12 kwa kifaa kinachofaa, halafu subiri kama dakika mbili. Taa ya PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga unafika na mtandao upo, hata kama mtaa mzima uko gizani. Ikiwa taa ya LOS ndiyo inayopepesa nyekundu, mwanga haufiki: uzi umekatwa mahali fulani au kituo chenyewe kimezimika, na hapo betri yako haina la kukusaidia. Taa hizo mbili zinaokoa simu nyingi za malalamiko.

Sasa hesabu ya betri, kwa sababu hapa ndipo ruta moja inapopishana na nyingine. Geuza chaja ya ruta usome maandishi madogo. Upande wa kuingiza, tafuta 100-240V, na uikatae iliyoandikwa 220V peke yake, maana umeme wetu hushuka na kupanda. Upande wa kutoa, nyingi zimeandikwa 12V 1A, na pembeni kuna mchoro mdogo wa duara unaoonyesha chanya iko katikati ya kichwa cha waya. Hiyo maana yake ruta haitazidi wati 12, na kwa kawaida itakula kama 8. Ongeza wati 5 za ONT, unapata 13. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ndogo ya kwenye UPS na kengele za wezi, ina wati-saa 84. Lakini betri ya asidi ikimaliziwa kupita nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo hesabu 42. Utapata saa 3 na dakika chache. Ya ampea-saa 18 itakupa saa 8, yaani usiku mzima wa delestaji. Betri ya lithiamu yenye fosfati ya chuma huvumilia kutumiwa kwa kina zaidi, hivyo ile ile ya ampea-saa 7 hufika saa 5 na zaidi. Chukua sasa ruta ya kifahari, yenye antena 8 kama kaa aliyepinduliwa, ambayo chaja yake imeandikwa 12V 2.5A. Ikila wati 18 tu, betri iliyokuwa ikikuvusha saa 8 itakuacha kabla ya saa 5 kutimia. Umelipa zaidi dukani, na usiku unapata kidogo.

Kuna tahadhari mbili za kifundi. Betri ya asidi inapochajiwa hupanda mpaka karibu volti 14, na si kila ruta huvumilia hivyo; weka kirekebisha volti katikati, au nunua kile kisanduku cha UPS ndogo ya volti 12 chenye betri ndani na matundu mawili ya kutolea, moja la ONT na jingine la ruta. Tahadhari ya pili inahusu pawabenki. Zipo ruta ndogo zinazotumia volti 5 kwa waya wa USB, na hizo huweza kuishi kwa pawabenki. Lakini pawabenki nyingi hukata umeme kwa nukta moja pale chaja inapochomekwa au kuchomolewa. Kwa simu hilo si kitu. Ruta hujizima ikaanza upya, na mtu aliyekuwa katikati ya mkutano au mtihani wa mtandaoni anatupwa nje.

Atatokea mtu aseme: mimi nina invata na betri kubwa za nyumba nzima, ruta nitaichomeka humo, habari imekwisha. Kama invata ipo tayari, ni sawa. Lakini asiyekuwa nayo asiinunue kwa ajili ya ruta. Invata huchukua volti 12 za betri, ikazipandisha mpaka 220, halafu chaja ya ruta ikazishusha tena mpaka 12, na kila hatua hupoteza kitu. Zaidi ya hapo, invata yenyewe hula umeme hata isipoendesha chochote, na invata ndogo huweza kula wati nyingi kama ruta inayoiendesha. Jenereta nayo inakula mafuta kwa ajili ya wati 13, tena kwa kelele. Sihitaji kusema zaidi. Kuna sababu nyingine ya kuiweka ruta kwenye betri muda wote, hata umeme ukiwepo. Vifaa vingi haviungui umeme unapokatika. Huungua unaporudi, kwa sababu hurudi kwa kishindo. Betri ikiwa katikati, kishindo hicho kinaishia kwenye chaja ya betri, ambayo bei yake ni ndogo.

Na kuna radi. Mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi nyingi kupita kiasi: uchambuzi wa data za setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, Kivu Kusini, kuwa ya kwanza barani Afrika na ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Katanga iko kusini ya hapo, lakini kila aliyepitisha msimu wa mvua Likasi ameona modemu, runinga au dekoda ikifa kwa ngurumo moja. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo faiba haileti radi ndani. Inayoweza kuileta ni ile kamba ya chuma inayoambatana na uzi ili uweze kuning'inia kutoka kwenye nguzo. Fundi mzuri huikata kamba hiyo na kuifunga kwenye ndoano nje ya ukuta, akaingiza uzi wa kioo peke yake. Mkague kabla hajashuka ngazi.

Pingamizi linalosikika zaidi ni jingine kabisa: kampuni inanipa kisanduku bure, ninunue ruta ya nini? Kwa nyumba ya vyumba viwili na watu watatu, nakubali, usinunue. Tumia walichokupa, fedha yako iende kwenye betri. Kwa nyumba kubwa, kisanduku cha kampuni kina mipaka yake. Kimechaguliwa kwa bei ya jumla, kimefungwa usiweze kubadili mambo mengi, na siku ukihama kampuni kinarudishwa pamoja na mipangilio yako yote. Lakini usifanye kosa la kutaka kukiondoa. ONT husajiliwa kituoni kwa namba yake, na ONT uliyonunua sokoni au uliyopewa na ndugu aliyekuwa mteja wa kampuni nyingine haitafunguliwa mlango. Njia sahihi ni kuiacha ONT ya kampuni ifanye kazi yake moja ya kugeuza mwanga, na ruta yako ikae nyuma yake kwa waya mfupi. Waombe wazime kazi ya ruta ndani ya kisanduku chao, kwani ruta mbili zikigawa anwani kwa zamu, michezo ya mtandaoni na kamera za ulinzi huanza kusumbua. Waulize pia habari ambazo ruta yako itazihitaji ili iingie mtandaoni: jina la mtumiaji na neno la siri la PPPoE kama wanalitumia, pamoja na namba ya VLAN. Wengine hutoa habari hizo bila shida. Wengine husita mpaka uulize mara ya tatu. Uliza mara ya tatu.

Tufike kwenye kasi, ambayo nimeiweka nyuma. Namba iliyoandikwa kwenye boksi si uongo wa moja kwa moja, ila imejumlisha vitu ambavyo havijumlishiki. Ruta ya AC1200 ina njia mbili za redio: moja ya gigahezi 2.4 yenye megabiti 300, nyingine ya gigahezi 5 yenye megabiti 867. Jumla yake imeongezwa kidogo ikawa 1200, lakini simu yako huingia njia moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna simu itakayoiona 1200 hiyo. AX3000 ni 574 na 2402, na hiyo 2402 hudai upana wa masafa ambao simu nyingi hazina. Simu ya bei nafuu yenye antena moja na masafa ya 2.4 pekee, aina ambayo imejaa sokoni kwetu, mwisho wake kwa nadharia ni megabiti 72, na kwa kweli ni kama nusu yake. Weka upande wa pili wa mizani kile tunachohitaji: Netflix yenyewe inasema picha safi ya HD kamili inataka megabiti 5 kwa sekunde, na ile ya 4K inataka 15. Kifurushi cha megabiti 20 au 50, kinachofika bila kukatika, kinatosha nyumba ya watu wengi. Ruta ya kizazi cha Wi-Fi 5 inakimudu bila jasho. Wi-Fi 6 ni bora kama tofauti ya bei ni ndogo, maana hugawa zamu vizuri zaidi pale vifaa vinapokuwa 15 au 20, na iliyothibitishwa rasmi lazima iwe na ulinzi wa WPA3. Wi-Fi 7, iliyoanza kuthibitishwa Januari 2024, waachie wenye fedha za majaribio.

Mtego wa kweli uko nyuma ya ruta, kwenye matundu ya waya. Zipo ruta zilizoandikwa 1200 kwa herufi kubwa mbele ya boksi, huku matundu yake, kwa herufi ndogo za nyuma, ni 10/100. Maana yake chochote kinachoingia kutoka kwenye ONT hakitapita megabiti 100, hata redio ziwe na nguvu gani. Tafuta 10/100/1000. Kwa wanaosema ni heri kununua kubwa sasa isipitwe na wakati, jibu langu ni tundu hilo: gigabiti kwenye waya ndiyo akiba ya miaka mitano ijayo, na ongezeko lake la bei ni dogo. Antena za ziada si akiba.

Baada ya umeme, adui wa waifai ni ukuta. Nyumba za matofali zilizojengwa na Union Minière na kurithiwa na kampuni ya serikali ya Gécamines zina kuta nene, na masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, huchoka haraka kwenye matofali ya kuchoma. Masafa ya 2.4 hupenya zaidi, lakini yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na katika mitaa iliyosongamana ya Kikula majirani wote wanagombania hizo hizo. Hapa kuna jambo lisilogharimu chochote ambalo watu hulipuuza. Fundi huweka kisanduku pale uzi unapoingilia, yaani karibu na dirisha la mbele, juu ya runinga, na nusu ya mawimbi inakwenda barabarani kuwahudumia wapita njia. Mwambie avute uzi wa ndani mpaka katikati ya nyumba, kwenye korido, juu kuliko kimo cha mtu, mbali na friji, kioo cha kujitazamia na pipa la maji. Uzi wa kioo hauogopi mita 10 za ziada; unaogopa kukunjwa kama karatasi. Akisema muda hana, usitie sahihi kwamba kazi imekwisha.

Nyumba ikiwa ndefu na chumba cha mwisho hakipati, wengi hukimbilia kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa ukutani. Kifaa hicho husikia na kusema kwa redio ile ile, kwa hiyo kasi hupungua kama nusu, na kwa kuwa kinakaa ukutani bila betri, delestaji huenda nacho. Ruta ya pili ya bei ndogo iliyounganishwa na ya kwanza kwa waya hufanya kazi vizuri zaidi. Kwenye lupango, yaani kiwanja kimoja, lenye nyumba tatu au nne za ndugu, nyumba na nyumba zisiunganishwe kwa waya wa shaba unaopita hewani au ardhini, kwa sababu ya radi ile ile niliyoitaja. Vuta uzi wa kioo mwingine wenye vigeuzi viwili mwishoni, au tumia antena mbili zinazotazamana. Gharama yake leo ni ndogo kuliko kuzika ruta tatu kwa mpigo.

Kuna sifa nyingine ya ruta ambayo wauzaji karibu hawaitaji, nami naiweka juu ya Wi-Fi 7 bila kusita: namna inavyopanga foleni. Mtoto akipandisha video ndefu kwenye WhatsApp, pakiti zake hujaa ndani ya ruta zikisubiri kutoka, na sauti ya baba aliye kwenye simu ya mtandaoni inakwama nyuma yake. Kipimo cha kasi kitaonyesha kila kitu ni kizuri, na bado mazungumzo yanakatika. Tatizo hili lilichunguzwa sana kuanzia mwaka 2010 na mhandisi Jim Gettys na wenzake, na dawa yake ipo: kanuni ya foleni iitwayo fq_codel, iliyochapishwa rasmi mwaka 2018 kama RFC 8290, na ndugu yake CAKE. Hizi hugawa foleni kwa haki, mwenye pakiti ndogo za sauti asimngoje mwenye mzigo wa video. Ruta zinazokubali programu huria ya OpenWrt zinazo, na baadhi ya makampuni huziweka kwa jina la SQM. Kwa kifurushi cha megabiti 20, mpangilio huo mmoja huleta raha ambayo kuongeza kifurushi hadi 50 huenda kusilete. Kwa nini hauandikwi mbele ya boksi? Hauna namba kubwa ya kujivunia.

Sasa anayesema faiba yenyewe ya nini, setilaiti imekuja. Mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliizuia Starlink mwezi Machi 2024 na kuipa leseni Mei 2025, kwa hiyo njia hiyo sasa ni halali, na kwa vijiji vya wavuvi kandokando ya Tshangalele, ambako nguzo ya faiba haitafika kesho wala keshokutwa, ni njia nzuri. Lakini ipime kwa kipimo kile kile cha umeme. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, sahani yake ya kawaida hula wati 75 hadi 100, na ile ndogo ya Mini hula 25 hadi 40. Betri iliyoivusha faiba saa 8 itaivusha Mini saa 3 au 4, na sahani ya kawaida saa moja na kidogo. Mwenye paneli ya jua na betri kubwa anaweza. Mwingine afikirie Mini, ambayo angalau hukubali umeme wa betri moja kwa moja. Na mega za simu? Zinamfaa mtu mmoja anayetembea. Nyumba yenye wanafunzi wawili, runinga moja na biashara ndogo ya mtandaoni huzimaliza kabla mwezi haujafika nusu, na delestaji ndefu inapoingia, watu wote hujazana kwenye mnara mmoja.

Ruta inayowaka mchana na usiku, bila kuzimika hata umeme ukizimika, ni mlango ulio wazi saa zote, kwa hiyo usalama wake si jambo la mapambo. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliingia kwenye kamera na ruta nyingi kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani, kama admin na admin. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi la vifaa vilivyotekwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia kwa malipo ya mshindani wake, na Januari 2019 mahakama ya London ikamfunga miezi 32. Waliolipa kwa mtandao uliosimama ni wateja wa kawaida wa Liberia, ambao hawakuwa na ugomvi na mtu. Tangu Aprili 2024 sheria ya Uingereza inakataza kuuza kifaa cha namna hiyo chenye neno la siri la kiwandani linalofanana kwa wote, na kumtaka mtengenezaji aseme ataleta marekebisho ya usalama kwa muda gani. Soko letu halina kizuizi hicho, kwa hiyo mnunuzi ndiye mkaguzi. Ruta ambayo mtengenezaji wake hajatoa marekebisho kwa miaka mitatu, iache dukani hata ikiwa nusu bei. Uliyoinunua, badili neno la siri la kuingilia siku ya kwanza, chagua WPA3 au angalau WPA2, na wageni wapewe waifai yao ya pembeni isiyofikia kompyuta za nyumbani.

Mwisho, ile ruta ya laini ya simu uliyokuwa ukitia mega. Usiiuze kwa bei ya kutupa. Igeuze uangalie kama ina tundu lililoandikwa WAN, kwani baadhi yake, ONT ikichomekwa hapo, hutumia faiba kama njia kuu na kurudi kwenye laini ya simu yenyewe pale taa ya LOS inapowaka nyekundu. Ikiwa na tundu hilo, masafa yote mawili na chaja ya 12V 1A, huenda ruta uliyokuwa ukiitafuta madukani unayo tayari nyumbani, na fedha yote ikabaki kwa betri.